Naomba ushauri: navuta wenzangu njia nzima, mwishoni wananipita

Wakuu, habari zenu. Niko Tabora, nina mwaka wa pili kwenye baiskeli za mbio. Jumapili tulishindana wenyewe kwa wenyewe, watu tisa, kutoka mjini hadi Isikizya na kurudi kwa barabara ya Nzega. Zawadi ilikuwa dumu la asali, msicheke.

Kwenda, upepo wa kiangazi ulikuwa unatupiga mbele na ubavu wa kulia. Nikakaa mbele karibu muda wote. Najua anayejificha nyuma anaokoa hata theluthi ya nguvu, lakini kila nikipunguza mwendo nao wanapunguza, hakuna anayepita. Nikaona aibu, nikaendelea kuvuta.

Kurudi jua lilikuwa mgongoni. Nikawa naona vivuli vya vichwa viwili vimegandana na changu kwenye lami, havibanduki. Zikiwa zimebaki kama kilomita tatu nikachomoka kwa gia nzito. Miguu ikakataa palepale, na kabla sijarudi gia nyepesi wanne walishapita. Dumu likaenda kwa jamaa ambaye sikumwona mbele hata mara moja!

Sasa wakuu, mtu asiyetaka kupokezana unamfanyaje? Nikisogea ukingo wa kushoto ili akose pa kujikinga na upepo wa kulia, ni mbinu halali au ni kutafuta ajali, maana malori nayo yapo? Na sisi tusio na kasi ya mwisho, tuchomoke umbali gani? Marudiano ni wiki mbili zijazo.