Mliopo Mtwara na Lindi: baiskeli ya kwendea kazini mnaikingaje na tope masika haya? Tupeane uzoefu

Mtu wa Naliendele
Wakuu, habari za majukumu. Mvua ndiyo hivyo tena zimeshika, na huku kwetu zikianza Desemba hazituachi mpaka Aprili, Mei. Nakaa Naliendele, kibarua kiko mjini, usafiri wangu baiskeli. Napita lami, lakini kingo zote ni mchanga mwekundu, na lori likikukuta penye dimbwi unaoga papo hapo. Napokea wateja, siwezi kukaa mezani na mstari wa tope toka kiunoni hadi kwenye kola. Wenye uzoefu mwageni hapa. Watu wa bodaboda, huu uzi hauwahusu, najua mtakuja tu.

Chikongola Kwetu
Madigadi, mkuu. Hizi za gea za mitumba nyingi zinakuja bila madigadi, au zina kale kaplastiki kafupi chini ya kiti kanakokinga kiti chenyewe tu. Tafuta marefu ya bati, ila angalia saizi: ya 28 kwenye tairi la 26 yatapwaya.
Halafu wengi wanahangaika na ya nyuma wakati mchawi ni tairi la mbele. Ndilo linalorusha maji miguuni na kwenye cheni. Chukua kipande cha tyubu ya lori, upana wa kiganja, toboa matundu mawili, kifunge kwa waya kwenye ncha ya chini ya madigadi ya mbele. Kibaki vidole vinne toka ardhini. Kikiwa juu zaidi maji yanapita chini yake, kikiburuta kinaliwa na kokoto. Viatu vyangu vimepona kwa hicho kimpira.

Mmakonde wa Newala
Nyie wa pwani mna raha, mnaosha tu. Huku juu maji ni ya kununua kwa ndoo, nikaipe baiskeli? Mimi tope naliacha likauke kabisa, nagonga fremu, nasugua kwa brashi ya viatu, namalizia na kitambaa chenye unyevunyevu. Usiguse udongo wetu mwekundu ukiwa mbichi. Unageuka rangi, na ukishaingia kwenye suruali nyeupe hiyo suruali imeshakuwa ya shamba.

Fundi Mingoyo
Salaam wote. Tope halijawahi kuua baiskeli, kinachoua ni oili chafu. Mtu anaomba oili iliyomwagwa toka kwenye injini, anaimimina kwenye cheni mpaka inachuruzika. Mchanga wa barabarani unanasia humo, basi cheni inasagwa kama imepigwa msasa, na meno yanachongoka.
Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke. Dondoshea mafuta ya cherehani tone tone kwenye viungo huku unazungusha pedali kinyumenyume. Kisha yafute yote ya juu. Ndiyo, yafute! Yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Hata pindo la suruali halitashika weusi.

Jobless wa Ligula
Mimi napeleka wanapooshea pikipiki, mashine ya presha, dakika mbili inang'aa.

Fundi Mingoyo
Mwambie asielekeze kwenye ekseli wala katikati ya pedali. Maji yanaitoa grisi kwenye gololi, halafu mnaniletea inalia.

Mikindani Bay
Sisi tuliopakana na bahari shida yetu ni chumvi, hata kiangazi. Kutu inaanzia pale spoki inapoingia kwenye rimu, vipele vya kahawia. Na kuna vijana nawaona wanaoshea baiskeli baharini kabisa, aisee! Maji yasiyo na chumvi tu, kausha, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kwenye spoki. Usiguse ubavu wa rimu, breki hazitashika.

Kandambili
Mnajipa kazi. Navaa kaptula na ndala, nguo za ofisini ziko kwenye kindoo cha mfuniko nyuma kwenye keria (mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2019). Nikifika namsalimia mzee wa getini, nanawa miguu bombani, navaa, naingia.

Mtu wa Naliendele
Kandambili, umenivunja mbavu, ila kindoo nimekipenda. Chikongola, hiyo tyubu ya lori naipata wapi?

Chikongola Kwetu
Kwa wanaoziba pancha za magari, mabaki yamejaa. Wengine wanakupa bure.

Nachingwea Ndani
Madigadi kwetu ni mtihani. Udongo wa kunata unajaa kati yake na tairi mpaka gurudumu haliendi, unabeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Natembea na kijiti cha kuchokolea. Nimefikia kuing'oa ya mbele.

Fundi Mingoyo
Irudishe. Legeza nati za vile vyuma vyembamba vinavyoishika, ivute nje hadi vidole viwili vipite kati yake na tairi, kisha kaza. Kijiti endelea nacho.