Kurekodi panki peke yako ukiwa Mtwara: simu, laptopu au studio ya mjini?

Gita_Shangani

Wakuu, habari za huko mliko. Kwanza niweke sawa: panki ninayoongelea si ya kinyozi. Juzi nilimwambia jamaa yangu pale Chikongola kwamba narekodi panki, akaniangalia kichwani akauliza nitanyoa lini. Naongelea muziki. Gita linanguruma, kodi (chords) tatu, unapiga kelele dakika mbili, wimbo umekwisha.

Sina bendi. Wapiga gita ninaowajua mjini hapa wako kwaya au wako kwenye maharusi, na hakuna anayetaka upuuzi wangu. Kwa hiyo gita mimi, besi mimi, kuimba mimi. Dramu ndiyo sijui. Nakaa chumba na sebule, sebuleni hakuna dari, ni bati tupu, na jirani wa ukuta ana mtoto mchanga. Nyimbo ninazo 6. Hela ni laki tano, haiongezeki mpaka mikorosho ya mzee kule Nanyamba izae.

Simu ninayo tayari. Laptopu ninayo, ya zamani kidogo, ila sina kifaa cha kuchomekea gita. Na kuna studio za mjini unalipa kwa wimbo. Nani kapita humu aniambie wapi nitalia?

Mti_Mkavu

Niko Lindi. Nikuondolee studio kabisa.

Nilikwenda studio moja, sitaitaja. Prodyuza kijana mzuri, mkarimu, kaninunulia na soda. Nimechomeka gita, nimekanyaga distosheni, ile pedali ya kukwaruzisha sauti, sijamaliza hata mstari wa kwanza akasimamisha: "Kaka, waya wako mbovu, unakwaruza." Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akacheka, tukaendelea. Kumbe wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote, aliipunguza ile kwaruzo, akainyoosha na sauti yangu kwa mashine. Nikampigia mama akasema, "Haya, leo umeimba." Nikajua nimekwisha.

Simlaumu. Siku nzima anaweka sauti ya mtu mmoja juu ya biti, na chumba chake kimejengwa kwa kazi hiyo. Dramu haina pa kukaa, ampu (spika ya gita) ukiipandisha wenye duka la chini wanagonga dari. Elfu themanini ilikwenda kwa wimbo mmoja. Zidisha kwa 6 uone laki tano yako inabaki nini.

Fundi_Waya

Laptopu mkuu. Ukiwa peke yako unarudia sana. Unapiga besi, unagundua gita la jana lilikuwa linakimbia, unarudi kwenye gita. Studio kila kurudi ni hela, nyumbani ni jasho tu.

Kifaa unachotafuta ni kadi ya sauti ya nje, pale Kariakoo ukisema intafesi wanakuelewa. Ya chini ni Behringer UM2: tundu moja la maiki, moja la gita. Focusrite Scarlett Solo ina mpangilio huohuo, sauti safi zaidi, bei nayo juu. Kwa gita, besi na kuimba, tundu moja linatosha maana huna mikono minne. Utajuta siku utakapotaka kurekodi dramu za kweli. Hapo unahitaji matundu mawili ya maiki, yaani Behringer UMC202HD au Scarlett 2i2. Mimi nilianza na UM2, miezi minne baadaye nikaiuza kwa hasara nikaagiza ya matundu mawili. Nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar nimelipa mara mbili kwa ujinga.

Programu ya kurekodia chukua Reaper. Unapewa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu mdogo ni dola 60. Faili lake ni dogo, bando haliungui. Audacity ni ya bure na kwa kukata na kurekodi haina neno, ila kupangia dramu humo ni kama kushona kanzu kwa shazia.

Kitu kimoja kitakuchanganya. Ukipiga gita utasikia sauti inakufuata nyuma, utadhani vidole vimelewa. Hiyo ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho laptopu inakusanya kwanza kabla ya kukichakata. Ikiwa sampuli 1024, kwa 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 23 za kuingia tu, hujahesabu kutoka. Shusha hadi 128, zinabaki kama 3. Laptopu ya zamani ikianza kukwamakwama panda 256, bado utaweza kupiga. Ukifika kwenye kumiksi rudisha juu, laptopu ipumue.

Sauti_ya_Masasi

Kaka Shangani, mimi nimerekodi nyimbo nne kwa simu na sijafa. Natumia BandLab, programu ya kurekodia, ni bure. Ubaya wake inapandisha kazi yako mtandaoni, kwa hiyo bando inabidi uliangalie, hasa wimbo ukiwa na treki nyingi, yaani gita peke yake, besi peke yake, sauti peke yake.

Hiyo shida ya sauti kufuata nyuma kwenye Android ni kubwa kuliko anavyoeleza kaka Fundi, na bafa sikuona pa kuigusa. Nilichofanya: sijisikilizi kwenye simu. Sikio moja naweka hedifoni, naruhusu dramu tu zisikike. Sikio la pili naliacha wazi, nasikia ampu yenyewe ikipiga chumbani. Nikimaliza naisogeza treki kwa kidole mpaka kodi ya kwanza ikae juu ya pigo la kwanza. Ikikaa ya kwanza, zilizobaki zinafuata.

Simu nayo ina tabia ya kujishusha yenyewe ukipiga kelele na kujipandisha ukinyamaza. Mwisho wa wimbo wangu wa pili, gita linapoisha, jogoo wa jirani anapanda taratibu kama kaalikwa. Nimemwacha.

Fundi_Waya

Hiyo ya sikio moja naiiba.

Mzee_Kaseti

Vijana, mnalalamika na utajiri mkononi. Miaka ya tisini hapa Lindi nilikuwa na redio kaseti mbili. Ya kwanza inapiga gita nililorekodi jana, mimi naimba pembeni yake, ya pili inanasa vyote. Nikitaka besi, nabadilisha kanda, nazungusha tena. Kila mzunguko mchakacho unaongezeka. Mara ya nne unasikia mvua, ndani ya mvua kuna mtu anaimba.

Wenzetu wenye uwezo walipata mashine ya Tascam iitwayo Portastudio, ilitoka 1979, treki nne kwenye kanda ya kawaida ya kaseti. Nne tu! Sasa huyu kijana ana treki asizoweza kuzihesabu, anauliza atalia wapi.

Sikiliza mwanangu. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ilirekodiwa mwaka 1976 kwa wiki moja hivi, kwa dola 6,400, nyimbo 14, dakika hazifiki 30. Vaa hedifoni usikie walivyoipanga: besi upande wa kushoto, gita upande wa kulia, katikati dramu na sauti. Basi. Wewe mwenyewe unaweza kuipanga hivyo kesho asubuhi kabla ya chai.

Gita_Shangani

Shikamoo mzee. Nimesikiliza. Ukivua sikio moja besi inapotea kabisa, sikuwahi kugundua.

Haya, dramu sasa. Niandike kwa mashine au?

Kinganga

Usiandike kwa mashine. Panki yenye dramu za kompyuta ni wali bila nazi, unashiba lakini umekula nini? Sisi ndio watu wa sindimba, kusini nzima hii ngoma zimejaa, halafu ukaazime kick (dramu kubwa ya mguu) ya kubofya na panya?

Dave Grohl alipotengeneza albamu ya kwanza ya bendi yake Foo Fighters, Oktoba 1994, aliingia studio karibu na Seattle, akaanza na dramu za wimbo mzima, wimbo wenyewe ukiwa kichwani tu. Kisha gita, besi, sauti. Karibu kila kitu kapiga mwenyewe, wiki moja hivi imekwisha. Mtu mmoja!

Fundi_Waya

Mtu mmoja aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Nirvana, Kinganga. Mwenzetu ana jirani mwenye mtoto mchanga.

Kinganga

Mtoto atazoea.

Sauti_ya_Masasi

Mtoto hatazoea, nina wawili. Kaka, makanisa mengi yana dramu seti zinakaa wiki nzima zimefunikwa kitambaa. Mimi niliongea na mwalimu wa kwaya, nikaingia Jumanne mchana saa mbili tu. Niliweka simu sakafuni hatua nne mbele ya seti, nikasikia matoazi matupu. Nikaipandisha juu ya kiti, usawa wa kifua, nikaisogeza kuelekea kick, ikakaa sawa. Nilipiga mpigo mmoja wa kasi dakika mbili, mwingine wa kati dakika mbili, nikaenda nyumbani nikakata na kuunga. Nyimbo nne zote zinatumia dramu za Jumanne ile. Hakuna aliyejua mpaka leo nimesema.

Mwalimu wa kwaya aliuliza ni mapambio gani yanaenda kasi namna ile. Nikamjibu ni ya vijana.

Fundi_Waya

Kama kanisa halipatikani, ipo Hydrogen, programu ya bure ya kupanga dramu. Ila watu wanakosea kitu kimoja: mapigo yote wanayaweka nguvu ileile, ndiyo maana inasikika kama mashine ya kusaga. Mkono wa mtu haupigi hivyo. Toazi punguza moja ongeza moja, kwenye kuingia kiitikio ongeza snea (dramu ndogo ya mlio mkali) kidogo, na mapigo mawili matatu yachelewe kiduchu. Kasi weka kati ya 160 na 200. Ukipita hapo unaingia kwenye singeli, na huko wenyewe wapo.

Gita_Shangani

Na sebule? Nina trei za mayai kama arobaini, nimezikusanya kwa mama ntilie. Nizibandike?

Fundi_Waya

Zirudishe kwa mama ntilie. Trei ya mayai ni karatasi, besi inapita kama haipo. Inapunguza kidogo tu mlio mwembamba wa juu, na mtoto wa jirani atasikia vilevile. Kinachosaidia ni kitu kinene: godoro, blanketi zito, magunia ya korosho yaliyokunjwa mara tatu. Na ukiimba, godoro liegemeze nyuma ya mgongo wako. Watu wanaliweka nyuma ya maiki. Maiki za kawaida za kuimbia, mfano SM58, zinasikia mbele, na mbele yake ni wewe pamoja na ukuta ulio nyuma yako. Huo ukuta ndio unarudisha mwangwi.

Gita usipige kwa ampu kabisa. Chomeka moja kwa moja kwenye intafesi, ngurumo utaiweka ndani ya programu, jirani atasikia kucha tu zikigonga nyuzi. Gita lipige mara mbili, kwa mkono, usinakili treki ileile. Moja kushoto, moja kulia. Zikipishana kidogo ndiyo ukuta unajengeka. Ukinakili inabaki gita moja lenye sauti kubwa.

Mzee_Kaseti

Au fanya kama Ramones, gita moja, besi upande wa pili. Kazi nusu.

Gita_Shangani

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tano.

Nilichukua UMC202HD kwa ushauri wa Fundi, na maiki moja ya mtumba. Imebaki elfu arobaini na tano. Dramu za nyimbo tatu nimepata kanisani, dada Masasi asante sana. Zilizobaki nimepanga kwenye Hydrogen, na Kinganga naomba usikilize kabla hujatukana.

Kilichonitesa sikukitegemea. Gita likiwa limechomekwa kuna mlio mzito, mmmmm, hauishi, nikishika nyuzi unapungua, nikiachia unarudi. Nimebadilisha waya mara tatu. Nikampigia Fundi, akaniuliza kama nyumba ina waya wa ardhini. Nyumba ya kupanga, nani anajua. Akasema chomoa chaji ya laptopu. Nikachomoa, mlio umekatika kama umechinjwa. Intafesi inakula umeme wa laptopu kwenye USB, kwa hiyo nikawa narekodi kwa betri. Kwa laptopu yangu ni saa moja na robo, kisha nachaji, narudi.

Shida ya pili ni kelele za mtaa. Feni ya jirani, friji la duka, mashine ya kuchomelea pale kona, adhana, bodaboda. Nikawa nasubiri saa saba usiku, lakini usiku siwezi kupiga kelele.

Alhamisi umeme ukakatika saa nane mchana. Nimekaa nimenuna kama dakika tano, kisha nikasikia kwamba sisikii kitu. Friji kimya, mashine ya kuchomelea kimya, feni kimya, yule mama kamtoa mtoto nje kwenye mwembe kwa sababu ya joto. Laptopu ina asilimia 81. Nikaegemeza godoro mgongoni, nikavua shati, nikaimba nyimbo nne mfululizo, kila moja mara mbili. Ya tano nipo katikati duka la pili wakawasha jenereta. Hiyo nimeiacha, inasikika kama besi ya pili, na bahati nzuri ipo karibu na noti ya A.

Imebaki moja ya kuimba. Nilimwuliza jirani wa Tanesco kama atajua lini unakatika tena, akadhani namtania.

Kinganga

Nimesikiliza. Namba tatu ni kompyuta, nimejua kwenye snea. Namba tano ni kanisani?

Gita_Shangani

Namba tano ni Hydrogen. Namba tatu ndiyo kanisani.

Sauti_ya_Masasi

😂😂😂

Mzee_Kaseti

Nitumie nyimbo zote niziweke kwenye kanda. Redio moja bado inafanya kazi.