Tupeane uzoefu: umebaguliwa kazini kwa ulemavu wako, halafu kontrakti inasema huendi kortini

MwanaMaweni

Salaam aleikum na wengine hamjambo. Nauanzisha huu uzi kwa wenzangu wenye ulemavu, mlioko Malindi, Watamu, Gongoni, Lamu hadi walio ng'ambo, ambao mlisukumwa kazini kwa sababu ya hali zenu halafu mkienda kudai mnaambiwa "kasome kontrakti yako, mambo yako ni ya abitresheni, korti sahau", yaani aamue msuluhishi wa kulipwa badala ya jaji. Najua wengi wananyamazia hapo hapo. Nataka kila mtu aandike yaliyompata, kampuni na hoteli tusizitaje majina tafadhali, kesi za wengine bado ziko ndani.

Naanza mimi. Nilikua resepsheni hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, nikapata ajali ya boda, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Nilirudi kazini na mguu wa bandia na barua ya daktari, anaweza kazi yake ila asisimame mfululizo. Nilichoomba ni kiti kirefu nyuma ya kaunta, kile cha baa, vilikua stoo vinakula vumbi. Meneja akasema mgeni akiingia akikuta mtu amekaa ataona hoteli imelala. Basi nikasimama. Jioni kisiki, pale mguu ulipokatwa, kimevimba mpaka soketi, kile kikombe cha mguu wa bandia, haitoki bila kuvutwa, asubuhi navua soksi moja kati ya zile za kuvalia ndio mguu uingie na bado unabana, ngozi inachubuka, nikiomba ruhusa ya kwenda kliniki naandikiwa onyo ati natoroka kazi. Low sizon ikaingia, wenzangu wakapewa likizo bila malipo wakaitwa tena hoteli ilipofunguliwa, mimi nikapewa barua "nafasi yako imeondolewa". Agosti kaunta ile ile ina mtu mgeni.

Nikapata loya, tukaweka kesi Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapa hapa Malindi. Hoteli wakaleta utetezi wao mrefu, wakaomba tarehe, mambo yakaenda. Baadae wakabadilisha loya, huyo mpya ndio akaja na kipengele cha ukurasa wa mwisho wa kontrakti: mzozo wowote utaamuliwa na msuluhishi mmoja, kikao Nairobi, gharama nusu kwa nusu, na kila kitu siri. Wakaomba jaji asimamishe kesi twende huko. Deposit tu ya huyo msuluhishi ilikua inazidi mshahara wangu wa nusu mwaka, na hapo sijapanda basi, sijalala Nairobi, sijamlipa loya.

Sasa sikizeni hapa kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Sheria ya Abitresheni ya 1995 kifungu cha 6 inampa mwajiri haki ya kuomba kesi isimamishwe, ndio, lakini lazima aombe mapema, isipite ile hatua ya kujitokeza rasmi kortini kuijibu kesi. Akishaingia akaanza kupigana huko ndani hawezi kurudi nyuma kusema aah kumbe tulikubaliana abitresheni. Hoteli walikua wameshapita hapo zamani. Jaji akakataa ombi lao na kesi ikaendelea, sasa nasubiri hukumu. Na pia hata wakiomba kwa wakati, korti inaangalia kama hayo makubaliano ni batili ama hayatekelezeki, kwa hivyo si mlango wa chuma. Nyinyi mlifanywaje?

Pwani_Tu

Pole sana kaka. Nafuatilia hapa.

Dada wa Gongoni

Naandika kwa niaba ya ndugu yangu mdogo, yeye ni kiziwi, alikua kampuni moja ya chumvi upande wetu huku. Yeye hakuandikiwa abitresheni ila ilikua karibu na hayo. Waliitisha kikao cha nidhamu ati amekaidi amri ya supavaiza, amri yenyewe alipigiwa kelele kwa nyuma akiwa anavuta chumvi, angesikiaje? Kikaoni hakukua na mkalimani wa lugha ya ishara, meneja anasema na karani anaandika, ndugu yangu anaangalia midomo tu. Mwisho akasukumiwa karatasi na peni akaonyeshwa kwa kidole pa kutia sahihi. Alipokuja nayo nyumbani nikasoma, kumbe imeandikwa amekubali kuondoka kwa hiari, amelipwa kila kitu, na hatadai popote, si kortini si kwengine. Nilikaa chini na ile karatasi mkononi nikalia.

Tulikwenda kwa afisa wa leba. Akatuuliza tarehe kwanza kabla ya kitu chochote, kwa sababu malalamiko ya kufutwa kazi bila haki yanatakiwa yafike kwake ndani ya miezi 3, tulikua bado tumo. Akatueleza kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa nidhamu lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na awe na mwenzake wa kazi ama mtu wa chama kando yake. Kwa mtu kiziwi lugha anayoielewa ni ipi kama si ishara? Akawaandikia barua. Walikuja mezani, safari hii na mkalimani, wakalipa notisi, likizo zake na miezi kadhaa juu. Kazi hakurudishiwa. Mimi roho yangu haijatulia, yule kijana alikua anaipenda ile kazi na alikua na marafiki pale ambao walijifunza ishara kwa ajili yake.

MwanaMaweni

Dada umefanya kazi kubwa, Mungu akulipe. Na wengine shikeni hiyo ya tarehe. Miezi 3 ni ya afisa wa leba, kortini ni miaka 3 kwa madai ya kontrakti ya kazi. Mwajiri akikwambia "tunaongea ongea, tutakuita", ile saa haisimami kwa sababu mnaongea. Jamaa wengi wamefungiwa nje namna hiyo, wanangoja kikao cha msuluhishi ambacho hakiitishwi, wanangoja kwa adabu kabisa, siku wanaamka wakati umeisha.

Mshela

Mimi naona nitoe upande mwengine maana si kila usuluhishi ni mbaya. Macho yangu hayaoni vizuri tangu udogoni, mwangaza mdogo kwangu ni giza. Nafanya usafi kwa gesti hausi huku Shela, nyumba zetu mwazijua, ngazi nyembamba za mawe na mchana kweupe humo ndani ni kiza. Nilianguka na ndoo mara ya kwanza, ya pili nikavunja taa ya mgeni, tajiri akataka kuniondoa. Sikwenda kortini. Kutoka Amu, yaani Lamu, mpaka korti ya kazi Malindi ni boti hadi Mokowe halafu basi, na mimi sina wa kuniongoza. Nilimwendea mzee mmoja wa mtaa anayeheshimiwa na pande zote, akatukalisha kitako, tajiri na mimi na mamangu. Mzee akamuuliza tajiri suali moja, huyu akiona ngazi atafanya kazi? Akasema atafanya. Siku ya pili fundi akapaka chokaa nyeupe ukingo wa kila daraja na ikatiwa taa pale pa kona. Mpaka leo nipo hapo. Chokaa ikififia napaka mwenyewe.

Kwa hivyo nasema kukaa nje ya korti kwaweza kuwa kuzuri, hasa mji mdogo kama wetu ambapo mtu ukimshitaki leo kesho mwakutana kwenye maulidi.

MwanaMaweni

Dada Mshela nakubaliana na wewe mia kwa mia na nimefurahi sana kusikia hiyo ya chokaa. Hata Katiba yenyewe kifungu cha 159 inataka njia kama hizo zitumike. Lakini angalia tofauti, wewe ulichagua mzee baada ya tatizo kutokea, ulimjua, hukumlipa, na ungekua huna furaha mlango wa korti ulikua bado uko wazi. Mimi nilichaguliwa njia kabla sijakatwa mguu, siku ya kuanza kazi, karatasi zimepangwa mezani sare inangoja, na aliyechagua ni yule yule niliyekuja kumshitaki. Na uamuzi wa msuluhishi ukishatoka ni mgumu kuupinga, korti haiangalii upya nani alisema kweli, inaangalia vitu vichache sana na unazo miezi 3 tu ya kuomba ufutwe. Upatanishi kama wako hakuna anayekulazimisha ukubali. Mimi ndilo jambo ninalolipigia kelele, hiari. Mtu akibaguliwa ndio aulizwe, unataka jaji ama unataka msuluhishi?

Ami wa Langoni

Salaam kutoka Ohio. Mimi ni mwana wa Amu ila niko Marekani miaka mingi, na huku hili jambo ndio kubwa kushinda huko kwetu. Nilikua ghala moja la mizigo, nikafanyiwa operesheni ya uti wa mgongo, nikaomba nitumie kigari badala ya kubeba kwa mkono. Vigari vipo, ni kupewa tu. Wakakataa, baadae wakanifuta ati sifikishi idadi ya maboksi kwa saa. Huku kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, ADA, inasema mwajiri akurekebishie kazi kama haimtii hasara kubwa. Nikaenda korti ya federali. Loya wao akatoa karatasi iliyo na jina langu, kumbe siku ya kuandikwa tulipewa tableti tubonyeze "nakubali" kurasa baada ya kurasa, abitresheni ilikua humo.

Huku sheria ya abitresheni ni ya 1925, na Korti Kuu ya Marekani mwaka 2001 kwenye kesi ya Circuit City ilisema inawahusu waajiriwa pia, isipokua watu wa usafirishaji. Kwa hivyo jaji hakua na la kufanya, akasimamisha kesi. Akasimamisha, hakuifuta, na mwaka 2024 Korti Kuu ikasema wazi kwamba ndivyo inavyotakiwa mmoja wao akiomba, kesi ingoje abitresheni imalizike. Mwaka 2022 bunge lao lilipitisha sheria, aliyenyanyaswa kingono kazini asilazimishwe abitresheni, na hiyo ni haki kabisa. Sisi wenye ulemavu hatumo. Kwa nini sisi hatumo mpaka leo sijapata wa kunijibu.

Kitu kimoja nilichofanya nashauri mwenye ndugu huku amwambie: peleka malalamiko EEOC, tume ya serikali ya ubaguzi kazini. Kuna kesi ya 2002, mpishi wa Waffle House alipatwa na kifafa kazini akafutwa, alikua ametia sahihi abitresheni, lakini Korti Kuu ikasema tume haikutia sahihi chochote kwa hivyo inaweza kwenda kortini yenyewe na kumdaia fidia. Shida ni kwamba tume inazibeba kesi chache. Yangu haikubebwa. Tulikaa na msuluhishi chumba cha hoteli, watu sita, hakuna mwandishi wa habari hakuna mtu wa kusikiliza. Nilichopata siruhusiwi kukitaja, na yule aliyepewa kazi yangu na mgongo wake hatajua kamwe yaliyonipata hapo hapo aliposimama.

Bint Kakuyuni

Subhanallah. Hiyo ya siri ndio inauma zaidi.

Kapteni_Mokowe

Jamani nisaidieni haraka. Mimi nafanyia kontrakta mmoja kazi upande wa bandari ya Lamu, sikio la kulia halisikii kabisa na wanajua. Tumeletewa kontrakti mpya, kila mtu atie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi, na kuna kipengele kama hicho cha MwanaMaweni, Nairobi na nusu kwa nusu. Nikikataa si kazi imekwenda? Nina watoto.

MwanaMaweni

Kapteni usikatae kwa mdomo na usitie sahihi leo. Omba nakala uende nayo nyumbani, omba kwa maandishi hata kwa WhatsApp ili pawe na tarehe. Muulizeni kwa pamoja kama wafanyakazi, mmoja akiuliza ataonekana mkorofi, mkiuliza kumi ni suali la kawaida. Ombeni kipengele kiandikwe kwamba madai ya ubaguzi hayamo humo, yaende kortini kama kawaida. Wakikataa hilo basi angalau kikao kiwe Lamu ama Malindi, msuluhishi mkubaliane pande zote, na ada alipe mwajiri. Kama mna chama, kipengele kipitie kwao kwanza. Maneno yenyewe ni muhimu sana, kuna kuli mmoja wa bandari ya Charleston huko Marekani, kesi ya Wright ya 1998, aliumia akanyimwa kazi kwa ulemavu, mkataba wa chama chao ulisema mizozo iende abitresheni, Korti Kuu ikasema maneno yale ni ya jumla mno hayawezi kumfungia mtu korti. Halafu 2009, kesi nyengine, ya umri, ikasema mkataba wa chama ukiandika wazi wazi basi unafunga. Hiyo ni sheria ya kwao si yetu, lakini uone vile mstari mmoja unabeba.

Na hata ukija kutia sahihi, haki yako haijafa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamkataza kukubagua kwa ulemavu, na ukidai yeye ndiye anatakiwa athibitishe hakubagua. Kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu ya kumfuta mtu. Kama hujajisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu jisajili sasa wakati bado uko kazini, nenda ukapimwe hilo sikio hospitali upate ripoti, usingoje mpaka mmegombana.

Nitumie picha ya hicho kipengele inbox, ziba jina lako na la kontrakta, nitampelekea loya wangu kesho asubuhi kabla hajaingia kortini.

Kapteni_Mokowe

Nimetuma. Angalia pia ule mstari wa chini yake, unasema nikishindwa nalipa gharama zote.