Rimu za inchi 15 kwenye Toyota Vitz ya zamani: je, gari litainuka kweli?

Mwenye Vitz, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri wa watu wenye uzoefu na magari madogo. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2001, yenye injini ya cc 997, ambayo hadi leo inatembelea rimu za chuma za inchi 13 na matairi ya 155/80R13. Ndani ya mji wa Tanga gari halinisumbui hata kidogo, lakini mara kwa mara ninapanda Lushoto, na kutoka hapo ninashika barabara ya vumbi ya kwenda kijijini kwetu, ambako tumbo la gari husugua ardhi iliyoinuka katikati ya mapito ya magurudumu, hasa ninapokuwa nimepakia watu wanne na mizigo yao.

Muuza rimu mmoja ananishawishi nichukue rimu za aloi za inchi 15, zenye upana wa inchi 7 na matundu manane, pamoja na matairi ya 195/50R15, akisema kwamba gari litainuka na litapendeza zaidi. Mpwa wangu, ambaye anajifunza ufundi, ananiambia nisivuke inchi 14. Naomba mnieleze ni nani kati yao aliye sahihi, na kama zipo hatari ambazo sijazifikiria kabla sijatoa fedha yangu.

Fundi wa Magari, Arusha

Ndugu yangu wa Tanga, msikilize mpwa wako. Gari haliinuliwi na ukubwa wa rimu. Linainuliwa na kimo cha tairi zima, yaani rimu pamoja na mpira wake, na kimo hicho unaweza kukikokotoa mwenyewe kwa namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Katika 155/80R13, namba 155 ni upana wa tairi kwa milimita, 80 ni asilimia ya upana huo inayotupa kimo cha ubavu, na 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wako basi una milimita 124. Ukihesabu ubavu wa juu na wa chini, kisha ukajumlisha milimita 330 za rimu, unapata kipenyo cha takriban milimita 578. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa 195/50R15 na utapata milimita 576. Kwa maneno mengine, ukifunga matairi anayokuuzia huyo bwana, gari lako litashuka milimita moja, kwa kuwa ni nusu tu ya kipenyo iliyo chini ya kitovu cha gurudumu.

Hata kiwandani hesabu hii iliheshimiwa. Vitz ya umbo lako ilitoka na matairi ya 155/80R13, mengine ya 175/65R14, na ile ya RS, yaani toleo la kimichezo, ikapewa 185/55R15. Vipenyo vyake ni milimita 578, 583 na takriban 585. Rimu iliongezeka inchi mbili nzima, lakini kimo cha tairi kikabaki karibu pale pale, kwa sababu kila rimu ilipokua ubavu ulipunguzwa. Lengo lilikuwa usukani wenye mwitikio mzuri zaidi kwenye kona za lami, na kijijini kwenu sidhani kama ndicho unachokitafuta.

Sasa nije kwenye upana, jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko hiyo inchi 15 yenyewe. Kila rimu ina kipimo kinachoitwa ofseti, ambacho kwa kawaida hupigwa mhuri wa herufi ET na namba, nacho huonyesha umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu. Tuseme rimu yako ya sasa ina upana wa inchi 5 na ET 40, na hiyo mpya ina upana wa inchi 7 na ET 35. Ukingo wa nje utatoka kuelekea kwenye fenda kwa takriban milimita 30, na ukingo wa ndani utasogea kuelekea kwenye shokapu kwa takriban milimita 20. Ukiwa peke yako barabarani huenda usisikie chochote, lakini ukipakia watu wanne na gurudumu la nyuma likaingia shimoni, tairi litakula ukingo wa fenda, na siku ya kwanza utadhani ni harufu ya breki. Isitoshe, gurudumu likitoka nje kiasi hicho, beringi za magurudumu hubeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Kuhusu matundu manane: hayo yamewekwa ili rimu moja ikubali magari ya aina mbili, yale ambayo nati zake nne ziko kwenye duara la milimita 100, kama Vitz yako, na yale ya milimita 114.3. Tundu kubwa la katikati nalo mara nyingi huwa pana kuliko habu yako, ambayo ina milimita 54.1. Ukifunga rimu ya namna hiyo bila ringi za kuziba pengo hilo, gurudumu linaweza kukaa upande kidogo, na usukani ukatetemeka hata baada ya kufanyiwa balansi.

Dereva wa Siku Nyingi, Mombasa

Ninaunga mkono maelezo ya fundi, na ningependa kuongeza mambo mawili yanayohusu safari za milimani. La kwanza ni ubavu mfupi wa tairi. Ubavu wa milimita 124 ulionao sasa humeza jiwe na kingo za mashimo. Wa 195/50 hauzidi milimita 98, na katika barabara ya changarawe pigo linalopaswa kuishia kwenye mpira hufika kwenye rimu. Rimu ya chuma ikipinda, fundi huinyoosha kwa nyundo na safari ikaendelea. Rimu ya aloi inaweza kupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, ukabaki unajaza upepo kila asubuhi bila kujua unatokea wapi.

La pili ni nguvu ya injini, endapo utatafuta tairi refu zaidi ili gari liinuke. Tairi likiwa na kimo kikubwa zaidi, kila mzunguko wake hulipeleka gari mbali zaidi, kwa hiyo gia zote huwa kama zimerefushwa. Kwenye lami ya tambarare jambo hilo halina madhara. Kwenye mwinuko wa Mombo kwenda Lushoto, ukiwa na injini ya cc 997 na gari limejaa, utajikuta unarudi gia ya pili mahali ambapo zamani ulipita kwa ya tatu. Breki nazo zinafanya kazi dhidi ya gurudumu refu zaidi, na kwenye mteremko wa kurudi Mombo hilo si jambo la kupuuzwa.

Kabla ya kununua chochote, naomba uzichunguze springi za nyuma. Gari lina zaidi ya miaka 20, na umesema mwenyewe kwamba linasugua hasa likiwa limepakia watu wanne. Hiyo ni dalili ya springi zilizochoka. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, gari likiwa tupu na kisha likiwa limepakia, halafu ulinganishe na Vitz nyingine yenye springi nzima. Kipimo hicho hakitegemei tairi, kwa hiyo hakikudanganyi. Springi mpya zinaweza kukurudishia kimo kikubwa kuliko ambacho tairi lolote lingekupa.

Mwenye Vitz, Tanga

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimepima kama mlivyoelekeza, na kweli upande wa nyuma kulia uko chini ya ule wa kushoto kwa karibu sentimita moja na nusu, nazo raba za kuzuia springi zimesagika kabisa. Nitaanza na springi za nyuma zote mbili. Rimu za inchi 15 nimeachana nazo. Nimepata rimu za chuma za inchi 14 zilizotoka kwenye Vitz nyingine, na sasa ninasita kati ya matairi ya 175/65R14 na 175/70R14. Je, hayo ya 70 yatanisaidia zaidi, au nitakuwa nimeongeza tatizo?

Fundi wa Magari, Arusha

Umefanya vizuri kubadilisha springi zote mbili kwa pamoja, maana ukibadilisha ya kulia peke yake gari litaegemea upande wa pili. Ukiwa kwenye hatua hiyo, usikubali kuwekewa vipande vya kuinulia juu ya shokapu za mbele, kwa kuwa pembe ya ekseli inabadilika na jointi zake huanza kugonga mapema.

Tairi la 175/70R14 lina kipenyo cha takriban milimita 601, kwa hiyo gari litainuka milimita 11 au 12 kutoka lilivyo sasa, wakati 175/65R14 litakupa milimita mbili na nusu tu. Tofauti ya kipenyo ni karibu asilimia 4, maana yake spidomita ikionyesha 80 utakuwa na mwendo wa 83 hivi kwa hesabu ya tairi peke yake, na katika maeneo ya 50 askari mwenye tochi hatapokea maelezo hayo. Mimi ningechagua 175/65R14, kwa sababu ndicho kipimo cha kiwandani, injini yako ni ndogo, na springi mpya zitafanya kazi kubwa ya kuinua. Ukishikilia 70, funga kwanza tairi moja mbele, ukunje usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa limepakia, na uhakikishe kidole chako cha shahada kinapita bila kubanwa kati ya tairi na plastiki ya ndani ya fenda, na kati ya tairi na shokapu.

Unaponunua, soma namba nne za tarehe ubavuni. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji analiita jipya. Angalia pia namba ya uzito isipungue 79, ambayo ni kilo 437 kwa kila tairi. Nati za Toyota hiyo zikaze kwa mpishano, yaani moja kisha ile inayoitazama, kwa nyutoni mita 103 kama gereji ina spana ya kupimia, na uzikaze tena baada ya kilomita 100 hivi. Tairi la akiba la inchi 13 unaweza kubaki nalo kwa dharura, kwa kuwa tofauti yake na 175/65R14 haifiki asilimia moja. Kwa 175/70R14 nisingekushauri kuteremka nalo Mombo.