Babangu ana Parkinson, sasa alalamika masikio yameziba. Nianzie wapi?

Mwana wa Likoni
Assalaam aleikum ndugu zangu, naombeni ushauri. Babangu ana miaka 71, na huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia watetemeka, sauti imekuwa ndogo, na tonge akimeza lachelewa kushuka. Hayo tumeyazoea. Jipya ni masikio. Tangu Ramadhani asema yameziba, "kama niliyezama majini", na akimeza mate husikia "tak" ndani, yakazibuka kidogo kisha yakarudi vilevile. Televisheni yake sasa yasikika hadi kwa jirani.

Wiki iliyopita tukivuka na feri alishikwa na kizunguzungu aliposimama. Nikapitia duka la dawa, nikapewa vidonge vya sinarizini. Sijampa bado. Wenzangu nyumbani wasema ni uzee, na kuna wanaomgombeza kwamba hasikii kwa kusudi. Hilo ndilo laniumiza zaidi. Je, Parkinson yafika hadi sikioni?

Bi wa Kibokoni
Wa aleikum salaam mwanangu. Pole, na mzee mpe salamu zangu. Hivyo vidonge usimpe! Sinarizini, na hata proklorperazini, dawa nyingine ya kizunguzungu, huizuia dopamini ubongoni, yaani kemikali inayousaidia mwili kusogea, na Parkinson yenyewe ni upungufu wa hiyo dopamini. Mamangu alipewa dawa ya aina hiyo kwa kizunguzungu, na baada ya wiki mbili akawa hawezi kuinua mguu kuvuka kizingiti. Tulidhani ugonjwa umepanda ghafla, kumbe ni dawa. Daktari wake alipoisimamisha, alirudi polepole.

Umesema kizunguzungu kilimshika aliposimama. Basi apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Wagonjwa hawa wengi presha huwashuka wakiinuka, na sikio likalaumiwa bure.

Mpima Usikivu
Kazi yangu ni kupima masikio, kwa hivyo niruhusu nieleze kidogo. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba cha hewa, ndilo sikio la kati. Ndani yake mna vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko wa sauti hadi sikio la ndani. Kichumba hicho hupata hewa kwa mrija unaotokea nyuma ya pua. Mrija huo hukaa umefumba, na misuli ya kaakaa huufungua kila mtu anapomeza au kupiga miayo. Sasa mwenye Parkinson humeza mara chache na kwa uzito. Ndiyo maana wengi wao mate huwadondoka: si kwamba ni mengi, ni kwamba hayamezwi. Mrija usipofunguka vya kutosha, hewa ya mle ndani hunywewa na utando, na ngoma ikavutwa ndani. Hapo mtu huhisi kuziba. Hiyo "tak" ya mzee yanifanya nifikirie mrija kwanza.

Mwombeeni timpanometria. Kizibo laini hutiwa sikioni, shinikizo la hewa likabadilishwa kidogo, na mashine ikachora jinsi ngoma inavyoitikia. Mchoro ukiwa bapa, huenda kuna majimaji. Kilele kikihamia upande wa shinikizo la chini, mrija haufanyi kazi sawasawa. Lakini msiishie hapo. Wenye Parkinson wengi hupungukiwa na usikivu wa sauti nyembamba kwa sababu ya sikio la ndani, na timpanometria haionyeshi hilo. Apimwe yote mawili.

Kijana wa Majengo
Aangaliwe nta kwanza kaka. Babu yangu ilikuwa nta tupu. Na tafadhali msimtie vijiti vya pamba wala mafuta ya moto.

Mwana wa Likoni
Bi mkubwa, ahsante sana, vidonge nimevirudisha leo. Mpima Usikivu, mate kweli yamdondoka usiku, mto huamka umelowa. Sikuwahi kuyahusisha na masikio hata siku moja. Nimeomba siku kliniki ya masikio, pua na koo, tumepewa Jumanne saa mbili asubuhi. Nimemwambia dadangu aache kumgombeza mzee.

Mpima Usikivu
Saa mbili dawa yake ya Parkinson itakuwa imeshashika? Kama bado, omba msogezewe mbele. Timpanometria haihitaji ajibu chochote, lakini kichwa kikitikisika mchoro huharibika. Kipimo cha usikivu ndicho kigumu zaidi kwake: mtu hubonyeza kitufe kila asikiapo mlio, na mkono mzito huchelewa, akaandikwa hasikii ilhali amesikia. Mwambie mpimaji mapema, amruhusu aseme "ndiyo" badala ya kubonyeza. Na beba pakiti za dawa zake zote, kwani hata dawa za mafua za kuzibua pua zaweza kugongana na baadhi ya dawa za Parkinson.

Mwana wa Likoni
Kidonge hunywa saa moja, hukaa sawa kuanzia saa mbili unusu. Nawapigia kesho niombe saa tatu.

Bi wa Kibokoni
Na mtaje shida ya kumeza hapohapo, msingoje aulizwe. Mimi kwa mamangu niliisahau mara mbili.