Mjadala: Songkran ifungiwe viwanjani, barabara zibaki kavu?

Mwalimu wa Chiang Mai (mleta mada)

Wakuu, habari za joto. Nafundisha Kiingereza huku kaskazini mwa Thailand, na kila ikikaribia tarehe 13 Aprili wageni tunaoishi huku tunagawanyika makundi mawili: wanaonunua bastola za maji, na wanaonunua vyakula vya siku nne na kufunga mlango. Hoja yangu ni hii: kurushiana maji kuruhusiwe kwenye maeneo maalumu na kwa saa maalumu tu. Barabara ya kawaida ibaki kavu.

Kwa wasiojua, Songkran ni mwaka mpya wa jadi wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, na watu huusherehekea kwa kurushiana maji. Januari mosi imekuwa mwanzo wa mwaka wa serikali tangu 1941 tu. Mioyoni mwa watu mwaka unaanza Aprili. Na Aprili ya huku si mchezo. Mwaka 2023 mji wa Tak ulipima nyuzi 45.4, rekodi ya nchi. Hapa Chiang Mai kuna na moshi: mashamba na misitu huchomwa kuanzia kama Februari, mji uko bondeni, moshi unakosa pa kutokea. Kuna siku mlima Doi Suthep, ulio hapo hapo pembeni ya mji, hauuoni kabisa. Shule zinafungwa Machi mpaka katikati ya Mei, na walimu wengi wa kigeni mikataba yetu ni ya miezi kumi. Kwa hiyo mwezi ambao bili ya umeme inapanda kwa sababu ya kiyoyozi ndio mwezi usio na mshahara. Mtu akinimwagia maji mwezi huo, kwa kweli simchukii.

Ninachokipinga ni ndoo. Vijana wanachota maji yaliyosimama kwenye handaki linalozunguka mji mkongwe, wengine wanatia mapande ya barafu, halafu wanammwagia usoni mtu aliye juu ya pikipiki inayotembea. Wathai wenyewe wanakiita kipindi hiki "siku saba za hatari". Mwaka 2024 serikali ilihesabu vifo 287 vya barabarani katika siku hizo saba. Karibuni tujadili, matusi pembeni.

Mkazi wa Bang Na

Mkuu, hiyo 287 kila mtu anaitaja, lakini hebu iweke karibu na namba nyingine. Mwaka 2021, kwa sababu ya Korona, kurushiana maji kulipigwa marufuku nchi nzima. Hakuna ndoo, hakuna bastola, Khao San, ule mtaa wa watalii Bangkok, kimya. Waliokufa siku saba hizo ni 277. Mwaka 2022 maji yalikuwa bado yamebanwa sana, wakafa 278. Mwaka 2023 maji yakarudi kwa fujo zote, wakafa 264.

Sasa niambie maji yameua wangapi.

Kinachoua ni kile kile kinachotajwa kwenye taarifa za polisi kila mwaka: mwendo kasi na ulevi, na wengi wa wanaokufa wako kwenye pikipiki, mara nyingi bila kofia ngumu. Bangkok inahama. Mfanyakazi wa kiwandani, dada anayeuza som tam (saladi ya papai bichi) chini ya jengo langu, mlinzi, fundi, wote wanaelekea kwao Isan, kaskazini mashariki, kwa siku mbili hizo hizo, kwa mabasi yaliyojaa na magari ya wazi nyuma. Wakifika wanakunywa na ndugu ambao hawajawaona mwaka mzima, kisha saa tano usiku mtu anachukua pikipiki kufuata barafu dukani. Huyo hamwagiwi maji na mtu. Barabara ni kavu kabisa, na ndipo anapofia.

Kwa hiyo sheria unayoitaka itatusaidia mimi na wewe tufike dukani na simu kavu. Mwanakijiji haimsaidii kitu. Ungesema kizuizi cha polisi kila kijiji na kofia kwa kila kichwa, ningesaini leo.

Mpita Njia

Mgeni ana tiketi ya kurudi mfukoni na bado anataka kuwapangia watu wapi washerehekee mwaka wao. Kama umechoka, Aprili ndege zinaruka.

Bi Nonthaburi

Mpita Njia, mimi sina tiketi ya kurudi. Nimeolewa huku, watoto wangu ni Wathai, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nianze na ninachokipenda, maana wanaume mmeanzia barabarani kana kwamba sikukuu iko huko. Asubuhi ya kwanza tunakwenda hekaluni, tunamwagia sanamu ya Buddha maji yenye maua ya yasmini (mimi Mkristo, naenda na familia). Watoto wanabeba mchanga na kujenga vichuguu vyenye bendera uwanjani pa hekalu. Nyumbani mama mkwe anaketi, sisi wadogo tunapiga magoti na kummiminia maji viganjani, kidogo kidogo, naye anatuombea heri. Mara ya kwanza alipomaliza dua nilijikuta nimesema "marahaba" kwa niaba yake, watu wakashangaa. Mchana tunakula khao chae, wali ndani ya maji ya baridi yaliyotiwa harufu ya maua. Kwenye joto hili hakuna chakula kinachokaribia hicho, na biriani nimeiweka kwenye hesabu.

Sasa hoja yako ya maeneo maalumu. Kaka, umewahi kupita mtaa wa Silom, Bangkok, jioni ya tarehe 14 ukiwa mwanamke? Hapo ndipo eneo maalumu penyewe. Umebanwa na maelfu ya watu, mikono inakuja na unga mweupe uliokorogwa kupakwa mashavuni, na si yote inaishia mashavuni. Mwaka 2018 maofisa waliwashauri wanawake wavae kwa stara ili wasidhalilishwe. Mwanamitindo Cindy Sirinya Bishop akawajibu hadharani, akaanzisha kampeni ya kusema msitufundishe kuvaa, wafundisheni hao kuweka mikono yao pembeni. Mtaani kwetu kijana anakuja na bakuli, anainamisha kichwa, anauliza kwa macho, ukitikisa kichwa anapita. Ukiwasukumia watu wote viwanjani unaiua ile ya mtaani, unabaki na ya Silom.

Mkusini wa Unguja

Asalaam aleikum. Mimi siishi Thailand, nafika Bangkok kwa biashara ya vito, ila jambo hili kwetu si geni. Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, kila Julai. Watu wanapigana kwa mapande ya mgomba kumaliza chuki za mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba na wanasema wanavyotaka. Watalii wanajaa. Lakini angalia: kupigana kuna uwanja wake na muda wake, wazee wakisema basi ni basi. Hakuna anayekuvizia njia ya Paje na mgomba wake wakati uko kwenye bodaboda. Mleta mada hakuleta jambo la ajabu. Mpaka uliowekwa na wenyewe hauui sherehe.

Mkazi wa Bang Na

Shehe, umesema mwenyewe: "wenyewe". Huku wazee hawana tena sauti hiyo mjini. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza Songkran kwenye orodha ya urithi, na Aprili iliyofuata serikali ikatangaza shamrashamra za siku 21 kuvuta watalii. Na huko Chiang Mai, mwalimu, wenye ndoo za barafu juu ya pikapu ni akina nani? Nusu yao ni wageni wenzetu.

Mwalimu wa Chiang Mai (mleta mada)

Nusu sijui, lakini ni wengi, na hao ndio hawajui kwamba mtawa, mzee na mama mwenye kichanga hawamwagiwi.

Bi Nonthaburi, naiondoa ile ya viwanja. Mtaa ubaki na bakuli lake. Bang Na, namba zako nimezikubali, tatizo la vifo haliko kwenye maji. Ila sikubali kwamba kwa kuwa ulevi unaua zaidi basi ndoo iachwe. Anayeangushwa na ndoo hapa Chiang Mai, lango la Tha Phae, anaweza asiingie hata kwenye hesabu ya vifo. Anavunjika bega, anakosa kazi mwezi mzima. Nabaki na mawili: pikipiki inayotembea isiguswe, na maji yakome jua likizama. Bomba za plastiki za kurusha maji kwa nguvu polisi wanazikataza na kuzinyang'anya, kwa hiyo uwezo wa kukataza upo.

Mpita Njia

Jua likizama bado ni nyuzi 33. Nani atakubali?

Bi Nonthaburi

La pikipiki naliunga mkono, lipelekwe hata kesho. La jua kuzama waulize watoto wangu kwanza.