Somo la mimea ya Wacherokee: nianze na mmea upi?

Walimu wenzangu, nataka wanafunzi wajifunze kwa vitendo jinsi Wacherokee, watu wa asili wa Marekani, walioko jimbo la North Carolina wanavyotumia mimea ya kwao. Upi ni salama darasani?

Jibu 1: Rangi ya vikapu, ila darasani jaribuni kwa uzi wa sufu. Loweka gramu 200 za maganda ya nje ya matunda ya mti wa jozi nyeusi, Juglans nigra, katika lita 2 za maji usiku kucha. Chemsha kwa moto mdogo saa moja, chuja, kisha tumbukiza uzi wa sufu uliolowa. Kahawia hushika bila dawa ya kushikiza. Maji yakichemka kwa nguvu, sufu husinyaa. Glavu ni lazima, doa halitoki kwa sabuni!

Jibu 2: Rangi ya nyekundu-chungwa hutoka kwenye mzizi wa Sanguinaria canadensis, ua la msituni. Huo onyesha picha tu, mwalimu: utomvu wake huunguza ngozi, na ukichimba mzizi umeua mmea.

Jibu 3: Msifundishe kama mambo ya kale. Tangu 2019, Wacherokee wa Kundi la Mashariki, yaani hao wa North Carolina, wanaruhusiwa kwa kibali kuchuma sochan, Rudbeckia laciniata, katika hifadhi ya Great Smoky Mountains. Huchumwa majani machanga, yakapikwa kama mboga. Wageni hawaruhusiwi kuichuma humo.